Swali Ambalo Halikuwa Kwenye Notisi

Katika miaka tisa aliyofundisha kemia, Mbuke Magesa hakuwahi kuchelewa kipindi, wala hakuwahi kukimaliza akiwa amebakiza mstari. Saa mbili kamili aliingia darasani, akafungua daftari lake gumu lenye jalada jeusi, akaanza kusoma, na wanafunzi wakaanza kuandika. Notisi zilikuwa za Kiingereza, naye alizisoma pamoja na alama zake zote. Kila sentensi ilipoisha alitamka "fulstopu" kwa sauti ya kukata, kisigino kikigonga sakafu. Ndiyo maana chuo kizima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mama wa kantini, kilimwita Madam Fulstopu. Alilijua jina hilo na halikumkera.

Chuo chenyewe kilikuwa cha binafsi, vyumba sita vya matofali kwenye mteremko wa Kalangalala, mjini Geita. Kiliwafundisha vijana ufundi wa maabara na uchenjuaji wa madini. Maabara ilikuwepo, ila ufunguo wake ulikaa kwa mhasibu, kwa sababu vyombo vya kioo ni ghali na vijana wana mikono mizito.

Mbuke alizaliwa kijiji kimoja nyuma ya Kolandoto, mkoani Shinyanga, katika nyumba ya wafugaji iliyozungumza Kisukuma kitupu. Kiswahili alikikuta darasa la kwanza na Kiingereza kidato cha kwanza, na vyote viwili alivimeza kabla ya kuvitafuna. Alikariri majina ya elementi akipeleka ng'ombe kunywa maji, na mwalimu alipouliza yeye ndiye aliyejibu. Kukariri ndiko kulikomtoa nyumbani, kukamfikisha chuo kikuu, kukampa mshahara. Hakuona sababu ya kutilia shaka ngazi aliyopandia. Wanafunzi wake walifaulu, na kila mahafali mkuu wa chuo, Mwalimu Theonest, alisoma matokeo ya kemia kwanza ili wazazi wapige makofi mapema.

Jumatano moja ya mwezi wa pili, Hamza, kiongozi wa darasa la mwaka wa pili, alimfuata ofisini akiwa na simu mkononi.

"Madam, umesikia habari za Nassibu?"

Nassibu alikuwa amemaliza miaka miwili nyuma, akiwa na alama tisini na moja za kemia. Jina lake lilikuwa kwenye ubao wa heshima koridoni. Alikuwa amepata kazi kwenye plenti ya marudio huko Nyang'hwale, mahali ambapo mchanga uliokwisha kuoshwa na wachimbaji wadogo hutiwa kwenye matenki makubwa na kumwagiwa maji ya sianidi, ili kukamua dhahabu iliyobaki.

"Amefanyaje?"

"Amevuta hewa ya sumu. Yeye na mzee mmoja mlinda tenki. Wiki mbili sasa. Wametoka hospitali, lakini mzee, wanasema, hajarudi sawasawa."

Mbuke aliuliza maswali mawili matatu. Kisha akaingia kipindini na kusoma notisi kama kawaida. Katikati ya aya akajikuta amesimama, hajui amefika mstari upi. Mwanafunzi wa mbele ndiye aliyemwonyesha. Siku tatu zilizofuata aliacha chai ikapoa mezani, akaanza kusahihisha madaftari na kuyaweka chini, akatoka nje bila kujua anakwenda wapi. Jumamosi akaenda Kharumwa, huko huko Nyang'hwale.

Nassibu alikuwa kwa shangazi yake Zuhra, muuza vitenge karibu na stendi. Alikuwa amekonda, na alipomwona mwalimu wake alisimama haraka mpaka akashika ukuta.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kaa, kaa. Unajisikiaje?"

"Kichwa tu kinauma. Na aibu."

Alimweleza. Chokaa iliisha siku ya Ijumaa. Maji ya tenki yalikuwa yameshuka na bomba lilikuwa kavu. Msimamizi wao, Masudi, akasema waongeze maji ya duara la zamani, yaani shimo lililoachwa na wachimbaji, ambalo lilikuwa limejaa tangu mvua za vuli.

"Maji yale ni makali, Madam. Ukifulia, nguo inachanika. Na karatasi za kupimia ukali wa maji zilikuwa zimeisha tangu Krismasi."

"Na hukujua kwamba asidi ikikutana na sianidi..."

"Nilijua." Akafumba macho, akaanza kusema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kuanzia kichwa cha habari hadi mstari wa mwisho wa ukurasa, fomula zikiwa mahali pake na mishale ikielekea kulia na kushoto. Alipofika mwisho akasema, "Fulstopu."

Hakuwa anamdhihaki. Hata hakujua kwamba amelitamka.

Mbuke akamsogelea. "Sasa kama ulijua yote hayo?"

"Nilijua kwa mtihani. Pale tenkini sikuona asidi, sikuona sianidi. Niliona maji yanaongezwa kwenye maji."

"Na harufu je? Harufu ya hewa ile niliwaandikia."

"Uliandika lozi chungu, Madam. Mimi lozi sijawahi kuiona."

Mbuke pia hakuwahi kuiona lozi. Kwa miaka tisa alikuwa amewaandikisha vijana wa Geita na Shinyanga harufu ya kitu kisichouzwa kwenye soko lolote alilowahi kuingia.

Alasiri wakaenda pamoja kumwona Mzee Marselino, yule mlinda tenki. Walimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba yake, mkono wa kulia ukitetemeka juu ya goti. Mke wake, Melania, alikuwa anageuza makopa ya muhogo kwenye mkeka.

"Mwadila, mayo," Mbuke alimsalimu Melania kwa Kisukuma, kisha akampigia Marselino shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiyo, baba."

"Basi umekuja vizuri. Hospitalini niliuliza, wakaniambia nipumzike. Niambie wewe. Sumu ile ilikaa kwenye maji miezi minne, na mimi nilikaa pembeni yake miezi minne, nikala hapo, nikasinzia hapo. Siku ile nani aliiamsha?"

Mbuke akaanza. Akasema kiwango cha haidrojeni kinapoongezeka, ioni za sianidi hupokea protoni. Marselino alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri kwa lugha ngeni. Akasubiri mpaka mwisho. Kisha akauliza tena vile vile: "Nani aliiamsha?"

Akajaribu kwa Kisukuma. Maneno hayakuja. Lugha aliyoombea maji utotoni haikuwa na hata sentensi moja kuhusu kazi aliyoifanya kwa miaka tisa. Nassibu alikuwa anaangalia chini.

Melania ndiye aliyesema, bila kuacha kugeuza makopa. "Si ni kama huu muhogo mchungu? Nao una sumu. Mtoto akiutafuna mbichi unamzika. Lakini ukiumenya, ukauloweka, ukauanika, inaondoka. Inaenda wapi, sijui. Inaondoka tu."

Mbuke akageuka kuutazama mkeka. Ilikuwa sumu ile ile, na hilo alilijua. Lilikuwa kwenye daftari lake, mstari mmoja wa Kiingereza chini ya ukurasa, na wala hakuwahi kuuhusisha na ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliolowekwa, aliolelewa nao, wala na mama yake aliyewachapa wakikutwa na muhogo mchungu mbichi.

Akavuta kigoda karibu na kiti cha Marselino.

"Baba, sumu ile kwa asili yake inataka kuruka hewani, kama hii ya muhogo inavyoruka juani. Chokaa mliyokuwa mnatia ndiyo iliyoifunga, ikakaa majini. Maji ya duara yalikuwa makali, yakakata kamba. Ikaruka, na wewe ulikuwa umeinama juu yake."

Marselino aliugeukia mkeka. "Kumbe chokaa haikuwa ya dhahabu tu."

"Ilikuwa inakulinda wewe."

"Na nani kati yetu pale alijua hivyo?"

Nassibu alisimama, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, na Mbuke hakumfuata.

Jumatatu darasani Mbuke alifungua daftari jeusi, akasoma mistari mitatu, akaacha. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Kwa nini tunatia chokaa kwenye tenki?" akauliza.

Juliana, msichana aliyeongoza darasa, alisimama na kujibu kwa Kiingereza safi, bila kukosea herufi.

"Vizuri. Sasa nieleze mimi kana kwamba ni mama yako nyumbani."

Juliana alimtazama. "Madam, hilo liko kwenye notisi ya wiki gani?"

Darasa likacheka. Mbuke hakucheka. Siku ile ile alikwenda kwa mhasibu, akaandika kwa mkono wake kwamba chombo kitakachovunjika ni juu yake, akachukua ufunguo wa maabara. Jioni alichemsha choya, yale maua mekundu watu wanayotengenezea juisi, akaiweka kwenye madumu mawili.

Kipindi kilichofuata aliwagawia vikombe. Kulikuwa na ndimu, maji ya majivu, sabuni ya unga, chokaa, na chupa moja ya maji ya lile duara la zamani, aliyoyaleta Nassibu kwa kazi hiyo. "Kabla hujachanganya chochote," aliwaambia, "sema juisi itageuka rangi gani, na useme kwa nini." Hamza aliapa kwamba majivu hayatafanya kitu, maana majivu ni uchafu. Juisi ikageuka kijani. Akabishana nayo. Akarudia mara tatu, wenzake wakimzomea, mpaka Blessing, binti mpole wa safu ya nyuma, akasema kwamba bibi yake hulainishia mlenda kwa maji ya majivu, hivyo majivu lazima yana nguvu kama ya magadi. Maji ya duara yaliifanya juisi kuwa nyekundu kuliko ndimu yenyewe ilivyoifanya, yaani yalikuwa makali kuipita. Kelele zikaisha ghafla. Wote walijua maji yale yametoka wapi.

Juliana alisimama karibu na mlango, kalamu mkononi. "Tuandike nini?" aliuliza. Mbuke alimwambia aandike alichokiona. Hakuandika kitu.

Wiki ya tano barua ilifika kwa mkuu wa chuo ikiwa na saini ishirini na tatu. Darasa lilikuwa na watu arobaini na mmoja.

Mwalimu Theonest hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango, akamsogezea Mbuke kiti. "Wanasema huwafundishi. Wanasema unawauliza."

"Ndivyo ilivyo."

"Mtihani wa taifa ni mwezi wa saba, Mwalimu Mbuke. Mtihani hauulizi muhogo. Mzazi ameuza ng'ombe kumleta mtoto hapa."

"Baba yake Nassibu pia aliuza."

Theonest aliangalia meza. "Nakuachia mwaka huu umalize. Matokeo yakishuka, wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza nawapa mwalimu mwingine. Unielewe."

Alimwelewa kupita kiasi. Kwa vipindi viwili vilivyofuata alirudi kwenye daftari jeusi. Wanafunzi waliinama kwa furaha, kalamu zikakimbia, na yeye akaisikia sauti yake ikisema koma na fulstopu, akatamani kuikimbia. Mchana alizunguka uwanja wa chuo mara nyingi hivi kwamba mlinzi alimuuliza kama amepoteza kitu. Alimwambia ndiyo. Mlinzi akaanza kumsaidia kutafuta chini.

Alikuwa bado hajaamua lolote Nassibu alipokuja kuchukua cheti chake kilichochelewa kutoka. Mbuke alimwomba aingie darasani.

"Hapana, Madam. Watanicheka."

"Basi usiingie."

Alifika mpaka getini, akageuka. Aliingia na kusimama mbele, mikono mfukoni, akawaeleza kila kitu: Ijumaa, bomba kavu, amri ya Masudi, Mzee Marselino akidondoka kama gunia. Hakupamba. Mwisho Juliana akanyoosha mkono.

"Wewe ulipata tisini na moja. Jina lako tunalipita kila siku. Ilikuwaje?"

"Karatasi ya mtihani iliniuliza, nikajibu," Nassibu alisema. "Tenki halikuniuliza. Lilinyamaza tu. Ilibidi nijiulize mwenyewe, na hilo sikuwa nimelizoea."

Darasa lilipotoka, Juliana alibaki. Alikuwa na machozi na hasira kwa pamoja. "Madam, nikiacha notisi nitafeli. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo."

"Hata mimi nilikuwa wa kwanza," Mbuke alisema. Wakatazamana, mmoja akakusanya vikombe, mwingine akachukua begi.

Kuanzia hapo aliendelea na vikombe, na majadiliano, na kelele, lakini kila kipindi aliondoka akiwa na wasiwasi kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Baadhi ya siku swali liliwaka na muda ukaisha bila mtu kutamani kutoka. Siku nyingine liliangukia kwenye ukimya, dakika kumi za ukimya, na yeye akaona mada zilizobaki zikirundikana hadi mwezi wa saba. Mara mbili waliuliza jambo asilolijua, akawaambia hajui, akaona uso wa Juliana ukikunjamana.

Matokeo yalitoka mwezi wa nane. Mwaka uliotangulia hakuna aliyefeli kemia. Safari hii walifeli wanne, na waliopata alama A walikuwa sita badala ya kumi na moja. Hamza, ambaye siku zote alipita kwa kuchechemea, alikuwa mmoja wa wale sita. Juliana alipata B. Na kati ya wanne waliofeli alikuwamo Blessing, yule wa maji ya majivu, kwa upungufu wa alama tatu.

Theonest alitimiza neno lake. Mwaka wa kwanza ukapewa mwalimu kijana, mwenye notisi nzuri zilizochapwa.

Mama yake Blessing alipiga simu kutoka Shinyanga. Hakugomba. "Madam, mwanangu akija likizo alikuwa anatufundisha mpaka sisi. Alinieleza kwa nini naanika muhogo. Sasa amefeli vipi?"

Mbuke akamwomba amrudishe Geita mapema, kabla ya mtihani wa marudio wa mwezi wa tisa, akae nyumbani kwa mwalimu wake.

Siku ya kwanza alimpa Blessing karatasi ya zamani ya mtihani. Baada ya saa moja nusu ya karatasi ilikuwa tupu.

"Hili hulijui?"

"Nalijua, Madam." Akalieleza kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipombana akamalizia kwa Kisukuma. Alilieleza vizuri kuliko daftari jeusi. "Ila kuliandika kwa Kiingereza sijui linaanzia wapi."

Mbuke alikaa chini. Miezi yote ile alikuwa amekasirikia maneno ya Kiingereza, akayatupa pamoja na ukariri wake. Waliokuwa wameyabeba tangu zamani hawakufeli. Blessing, ambaye hakuwa nayo, alikwenda mtihanini mikono mitupu, na aliyemtuma hivyo ni mwalimu wake.

Wiki tatu walikaa kibarazani. Kwanza jambo lenyewe kwa Kisukuma, kisha Kiswahili, kisha walitafuta sentensi ya Kiingereza inayolitosha, wakilipinga neno hili na kulikubali lile. Sentensi ikishapatikana, Mbuke alisema, "Sasa ikariri," na mara ya kwanza alipolitamka hilo walicheka wote wawili, Mbuke zaidi. Lakini Blessing alikariri, akitembea huku na huku kwenye vumbi la uani, na alipokwama hakurudi kwenye daftari. Alianza upya kutoka kwenye muhogo mpaka akalifikia neno.

Alipata hamsini na nane. Ilitosha.

Kazi ya Nassibu haikurudi, na hakutaka irudi. Mkono wa Mzee Marselino bado unatetemeka. Plenti ile, iliyofungwa baada ya ajali, ilifunguliwa tena baada ya miezi miwili, chini ya msimamizi mwingine. Mbuke aliandika barua kwa wenye plenti watatu, akiomba saa moja tu ya kuzungumza na walinda matenki wao kwa lugha yao. Wawili hawakujibu. Wa tatu alisema aje Jumamosi, asizidishe muda, na asiwatie watu hofu.

Alikwenda na Blessing na Nassibu. Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, na mwenye mali alisimama mbali kidogo akitazama saa yake. Mbuke hakuwa na daftari. Alisugua viganja vyake kwenye sketi, akaomba radhi kwa Kisukuma chake cha mtoto wa shule, akawauliza kwa nini ni lazima kutia chokaa kwenye tenki.

"Inang'arisha dhahabu," alisema mmoja.

"Inaua wadudu," alisema mwingine akiinuka, na wote wakacheka.

Mwenye mali akasema dakika kumi zimeshapita.

"Wewe wa wadudu," Mbuke alisema, akimsogelea kwa haraka, "usikae chini. Niambie kwa nini unafikiri hivyo."